Milioni 45 za kuanzia Tanga: nyumba kuukuu Ngamiani, pagale Kange au kiwanja Pongwe?

BintiMikanjuni

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba ushauri wa watu waliokwishafanya, maana wa kubahatisha nimeupata wa kutosha.

Nina akiba ya milioni 45. Sitaki mkopo. Nataka nyumba ya kupangisha, ya kwanza kabisa, hapa hapa Tanga mjini ninapoishi, kwa hiyo kusimamia mafundi na wapangaji nitaweza mwenyewe. Nimezunguka na madalali, sasa zimebaki tatu:

Ya kwanza ni nyumba ya Kiswahili Ngamiani, kwenye barabara za namba. Vyumba sita, korido katikati, uani kuna jiko, bafu na choo cha shimo. Bati limeshika kutu. Vyumba vitatu vina wapangaji, kila mmoja analipa 30,000 kwa mwezi, vitatu vimefungwa kwa sababu vinavuja. Wanataka milioni 32. Ilikuwa ya marehemu baba yao, wanauza watoto.

Ya pili ni pagale Kange. Limefika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Ramani yake ni nyumba mbili zilizoungana, kila moja vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani. Milioni 24, na ofa ya halmashauri, ile barua ya kumilikishwa kiwanja, ipo.

Ya tatu ni kiwanja Pongwe, kimepimwa, milioni 6, nijenge taratibu kadiri hela inavyopatikana.

Dalali wa Ngamiani ananisukuma nitoe kishika uchumba wiki hii, eti kuna mtu anatoka Dar anaitaka. Ninyi mngeanza na ipi, na kwa nini?

Kijana_wa_Bandari

Dada, chukua Kange. Mpangaji wa leo anayelipa vizuri hataki kupanga foleni ya bafu uani. Mwalimu, nesi, dereva wa magari makubwa, kijana wa forodhani, wote wanauliza kitu kimoja kwanza: choo ndani? Stendi kuu ya mabasi iko Kange, na mji unasogea upande huo.

Halafu angalia kinachoendelea. Bandari imechimbwa hadi kina cha mita 13 na gati limeongezwa hadi mita 450, meli sasa zinafunga gatini badala ya kushushia mzigo majini kwa matishari. Bomba la mafuta linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Watu wanaingia Tanga na watahitaji pa kulala. Nyumba ya korido ni biashara ya baba zetu.

Mama_Wapangaji

Binti yangu, mimi nakwambia Ngamiani, na sababu yangu si mapenzi ya nyumba za zamani.

Hesabu mfuko wako. Pagale la milioni 24 linakuachia 21. Uliza fundi yeyote mkweli: nyumba iliyofika lenta iko nusu ya safari tu. Paa, plasta, sakafu, milango, madirisha, umeme, maji, shimo la maji taka, rangi, vyote bado, na vyote ni hela. Kwa nyumba mbili zenye vyoo vya ndani sioni 21 zikifika mwisho. Na tatizo la pagale ni kwamba halikupi hata senti mpaka limalizike. Nyumba iliyobakiza mlango na choo tu haikupi kodi, sawa na iliyobakiza paa. Hela ikikata katikati, umefungia milioni 40 porini na unaendelea kutoa mfukoni.

Ile ya Ngamiani inakulipa tangu siku ya kukabidhiwa. Vyumba vitatu kwa 30,000 ni 90,000 kila mwezi. Ndogo, lakini inanunua saruji. Unaezeka, unafungua chumba cha nne, unapangisha. Kodi yake inatengeneza cha tano. Ukikwama, unakwama na nyumba yenye watu wanaolipa. Kwa anayeanza bila mkopo, hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ndivyo nilivyofika nilipo, chumba kwa chumba.

Kitu kingine: chumba cha mbele kinachotazama barabara usikipangishe kama chumba. Toboa mlango, kifanye fremu ya biashara. Cherehani, saluni, wakala wa pesa za simu, hao wanalipa mara mbili ya mpangaji wa kulala na hawapiki ndani. Nikikisia kwa bei ninazoziona mimi, ukishatengeneza: vyumba vitano kwa 45,000 ni 225,000, fremu 90,000, jumla 315,000 kwa mwezi.

Kiwanja cha Pongwe ni kizuri kwa mtoto wako atakayeoa miaka kumi ijayo. Si cha mtu anayetaka kodi.

Kijana_wa_Bandari

Mama, nakuheshimu, ila vyumba sita ni kaya sita, LUKU moja na bili moja ya maji. Kila mwisho wa mwezi ni kikao. Kange una wapangaji wawili tu.

Mama_Wapangaji

Na mmoja akihama Kange umepoteza nusu ya mapato. Kwangu akihama mmoja, watano wapo.

Ugomvi wa umeme unatibika, unafunga mita ndogo kila chumba, kila mtu anaona alichotumia. Maji gawanya kwa vichwa, siyo kwa vyumba, na uiandike kwenye mkataba. Mwenye watoto wanne hawezi kulipa sawa na kijana anayerudi kulala tu.

Fundi_Makorora

Assalaam alaykum. Kabla ya kuchagua mtaa, tuambie kuta ni za nini, dada. Nyumba za Ngamiani kwa nje zinafanana lakini ndani ni nyumba tatu tofauti.

Kuna za miti na udongo, mbavu za mbwa, zikapigwa plasta ya saruji juu. Ukizitazama barabarani utadhani bloku. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, utasikia sauti ya uwazi, na ukienda nyuma ya choo ambako plasta imedondoka utaona fito. Hiyo usilipie nyumba, lipia kiwanja tu, kwa sababu ukishaanza kuigusa utaivunja yote.

Kuna za mawe na chokaa. Ukuta wake mnene, pima pale kwenye fremu ya mlango, unaweza kukuta futi moja na nusu. Hizo ni imara kuliko tunavyojenga sasa, ila mafundi wengi tunaziharibu. Jiwe la matumbawe na chokaa vinavuta unyevu kutoka ardhini na kuuachia hewani. Fundi anakuja, anaona plasta inapukutika, anaipiga saruji nzito na rangi ya mafuta juu yake. Unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, chumvi inatoka nje kama unga mweupe na kusukuma rangi. Baada ya masika moja mpangaji anakupigia simu kuwa godoro limeota ukungu. Tiba yake ni kukwangua ile saruji hadi kwenye jiwe, kuacha ukuta ukauke vizuri, kisha plasta ya chokaa na rangi ya chokaa. Tanga tuna bahati, mawe chokaa tumekalia sisi wenyewe, mapango ya Amboni ni mawe hayo hayo, na chokaa inachomwa hapa hapa. Tatizo ni kumpata fundi mwenye subira nayo, kwa sababu inakauka polepole na anataka kuondoka.

Na kuna za bloku. Hapo angalia mchanga waliotumia. Chukua ufunguo, kwangua tofali sehemu isiyo na plasta. Likimeguka kama sukari guru, walijengea mchanga wa baharini bila kuuosha au walibana saruji. Likikataa, umepata.

Paa: ingia mchana wa jua kali, funga madirisha, tazama juu. Kila tundu litajionyesha. Kisha panda na bisibisi, choma kenchi na boriti, hasa zinapokaa juu ya ukuta, na chini ya fremu za milango. Bisibisi ikizama ni mchwa, na mbao hiyo haibebi bati jipya. Kwetu pwani bati jembamba haliishi, upepo wa bahari unalila. Namba ya geji ikiwa ndogo ndiyo bati nene, kwa hiyo geji 28 ni bora kuliko 30. Wauzaji wanawachanganya sana wanunuzi wapya hapo.

Utaratibu wa kazi, na hapa nasisitiza: paa kwanza. Halafu choo na maji taka. Halafu wayaringi, kwa sababu inapita ukutani na lazima itangulie plasta. Plasta, sakafu, milango. Rangi mwisho. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi ambazo mtu alianza na marumaru na jipsamu ili zipendeze kwenye picha, mvua za vuli zikashusha jipsamu yote chini.

Kubadilisha paa na kutoboa ukuta kwa ajili ya fremu vinahitaji kibali cha Halmashauri ya Jiji. Usimsikilize fundi anayesema ni ukarabati tu.

Mzee_wa_Chuda

Wajukuu zangu, mimi nimeuona mji huu ukijaa na ukitulia. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 wakati wa Wajerumani, na mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, nyingi zikipita bandari yetu. Vyumba havikupatikana. Bei ya mkonge ikaanguka, kamba za nailoni zikachukua soko, mashamba yakalala, na baadaye viwanda navyo vikafunga kimoja kimoja. Waliojenga kwa kutegemea vibarua wa mkonge walibaki na vyumba vitupu.

Nami naifurahia bandari, na bomba naliombea heri. Lakini wanaojenga gati na bomba ni wengi kuliko watakaobaki kuviendesha. Binti anunue nyumba ambayo ingepata mpangaji hata kama Chongoleani isingekuwepo. Ngamiani iko karibu na soko, karibu na shule, mtu anatembea kwa miguu hadi mjini au anapanda baiskeli. Muuguzi mwanafunzi wa hospitali ya Bombo atahitaji chumba cha bei nafuu mwaka huu na mwaka kesho.

Mpekuzi_wa_Hati

Mmeongea kuta na kodi, lakini binti aliandika maneno matano mazito na hakuna aliyesimama hapo: "marehemu baba yao, wanauza watoto."

Watoto hawana mamlaka ya kuuza kwa kuwa ni watoto. Anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama shauri lilikuwa mahakama ya mwanzo, barua ya uteuzi ni Fomu Namba 4. Muombe dalali nakala, kisha nenda mwenyewe kwenye mahakama iliyoitoa uhakikishe namba ya shauri. Pamoja nayo taka muhtasari wa kikao cha ukoo na saini za warithi wote, wa kike na wa kiume, wa hapa na walioolewa mbali. Kesi za nyumba pwani hii nyingi zinaanzia kwa dada aliyekuwa Unguja au Muscat ambaye hakuulizwa. Kama marehemu aliacha mjane, saini yake ndiyo ya kwanza kuitafuta, na kama muuzaji yeyote ana mke au mume anayeishi kwenye nyumba, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake.

Hapo hapo uliza msikitini na kwa wazee wa mtaa kama nyumba iliwahi kuwekwa wakfu. Ya wakfu haiuzwi, hata wote wakisaini.

Kisha hati. Omba namba ya kiwanja na kitalu, ufanye upekuzi Ofisi ya Ardhi ya Mkoa uone jina la nani limesajiliwa, kama kuna mkopo au zuio juu yake, na kama pango la ardhi linadaiwa. Pagale la Kange nalo lifanyiwe hivyo hivyo. Ofa iliyo mkononi mwa mtu haisemi kama kiwanja kimeuzwa mara mbili.

Gharama ambazo wanaoanza huzisahau: ushuru wa stempu asilimia 1, uthamini, ada za uhamisho na usajili, wakili. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni mzigo wa muuzaji. Iandikeni kwenye mkataba, kwa sababu bila risiti yake uhamisho haukamiliki na wauzaji huja kumwangukia mnunuzi dakika ya mwisho. Fomu za uhamisho ni namba 29, 30 na 35, zisainiwe siku ile ile ya mkataba wakati wote mpo mezani. Kumtafuta mtu asaini baada ya kula hela ni kazi.

Kishika uchumba kabla ya Fomu 4? Usitoe hata laki moja. Huyo mtu wa Dar na anunue.

BintiMikanjuni

Asante sana Mpekuzi. Nyongeza: dalali ameniletea na nyumba ya nne leo, ya mjini kabisa, sakafu ya chini ya ghorofa ya zamani, milioni 15 tu. Mbona rahisi hivyo?

Mpekuzi_wa_Hati

Kwa sababu huyo hauzi nyumba, anauza upangaji wake. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, na mengi ya mjini kati leo yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Hiyo milioni 15 ni kilemba. Ukishalipa unabaki mpangaji, na shirika halikutambui. Muulize dalali akuonyeshe hati yenye jina la muuzaji. Hatarudi.

Hesabu_Kwanza

Nauliza swali ambalo halijaulizwa: lazima iwe nyumba?

Chukua makisio ya Mama, 315,000 kwa mwezi, ni 3,780,000 kwa mwaka. Ondoa mwezi mmoja wa vyumba kukaa wazi, ondoa bomba na kitasa, tuseme zinabaki milioni 3 na laki 2. Ununuzi 32 na ukarabati tuseme 11 ni milioni 43. Unapata kama asilimia 7 na nusu kwa mwaka. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji hapa Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wananchi kwa riba kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5. Milioni 43 kwa kiwango hicho ni 5,805,000 kwa mwaka, bila mchwa na bila kikao cha maji. Mauzo ya mwanzo yamepita lakini imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, unanunua kupitia dalali wa soko kwa yule anayeuza.

Mama_Wapangaji

Hesabu yako ni sahihi, mwanangu, na ni vizuri umeileta. Lakini baada ya miaka 10 hatifungani inakurudishia milioni 43 zile zile, na hutanunulia nyumba ile ile. Kodi ya chumba inapanda na maisha, riba yako imekaa pale pale. Halafu kwa wengi wetu riba ni jambo la dini, hata iwe ya maji.

Hesabu_Kwanza

La dini nalipokea, mama, na silibishanii. La bei ya nyumba kupanda, linategemea umenunua kwa shilingi ngapi. Binti, kwa asilimia 7 na nusu, milioni 32 ni ghali. Ikishuka hadi 27, mambo yanabadilika. Usibishane juu ya kodi utakayopata, bishana bei ya kununulia, ndiyo pekee unayoishika mkononi leo.

Kijana_wa_Bandari

Hapo naungana na Hesabu. Na kama bei haishuki, Kange bado ipo, dada. Maliza upande mmoja tu wa pagale, upangishe, wa pili usubiri.

Fundi_Makorora

Inawezekana kama ukuta wa katikati umepanda hadi juu na paa limegawanywa hapo. Kama ramani ina paa moja la kukunja, huwezi kuezeka nusu. Tena pagale lililokaa wazi miaka mingi, angalia nondo za lenta. Zikiwa zimetokeza na zimekula kutu hadi zimemeguka, hiyo lenta inavunjwa. Kuta za bloku zilizolowa misimu kadhaa zinachoka pia, hasa kozi ya juu.

BintiMikanjuni

Nimerudi. Nimekwenda kote na fundi mmoja mtu mzima, jirani yetu, pamoja na bisibisi.

Kange: paa ni moja la kukunja kama ulivyohofia, Fundi. Nondo mbili za lenta upande wa magharibi zimemeguka mkononi. Kiwanja kizuri, barabara inafika. Fundi amekisia si chini ya milioni 26 kulimaliza, kwa hiyo ni 50. Sina.

Ngamiani: vyumba vinne vya mbele ni mawe na chokaa, ukuta mnene kweli. Viwili vya nyuma ni bloku, waliongeza baadaye. Korido yote imepigwa plasta ya saruji, na kuna mstari wa unyevu hadi kiunoni. Nikipitisha mkono ule unga mweupe unabaki kwenye vidole. Bati lote la kubadilisha. Boriti ni za mikoko, fundi amezichoma zote, mbaya ni mbili tu, kona ya chumba kilichofungwa. Choo cha shimo kimejaa, inabidi lichimbwe lingine na liwekwe karo.

Niliongea na wapangaji uani, wamama wawili na kijana wa pikipiki. Mama mmoja ana miaka mingi pale, ndiye aliyenionyesha maji yanakoingia mvua ikinyesha. Akaniambia pia, bila mimi kuuliza, kwamba ndugu ni wanne na mmoja yuko Mombasa, hajaja tangu msiba. Kodi wanamlipa mdogo mtu anayeuza.

Nikamuuliza huyo ndugu kuhusu Fomu 4. Hana. Hajafungua mirathi.

Mpekuzi_wa_Hati

Basi hana cha kuuza leo. Lakini usifunge mlango, hali hii ni ya kawaida na inarekebishika. Mwambie upo tayari kununua, na kwamba hela itatoka msimamizi akishateuliwa, warithi wote wanne wakisaini, kwenye ofisi ya wakili, kwa benki. Ukitaka kumsaidia nauli ya Mombasa au ada ya mahakama, iandikwe kama sehemu ya bei. Anayekusudia kuuza kihalali atafungua mirathi. Akikataa, umejua.

Mzee_wa_Chuda

Na yule ndugu wa Mombasa mpigie wewe mwenyewe, kwa adabu. Usisubiri aambiwe na dalali.

Fundi_Makorora

Boriti za mikoko zikiwa nzima usikubali fundi akushawishi kuzitoa, hakuna mbao ya dukani itakayozifikia. Bei sasa: bati lote, boriti mbili, choo kipya, kukwangua korido na kupiga chokaa, wayaringi. Hayo ndiyo ya kumwekea mezani muuzaji, moja moja, kwa karatasi. Usimwambie "punguza", mwonyeshe bati. Jipange paa likae kabla ya masika, maana kuanzia Machi hukai juu ya nyumba kwa amani.

BintiMikanjuni

Nimempigia kaka wa Mombasa. Amestuka, hakujua kuwa imeshapewa dalali, lakini hakukataa. Amesema atakuja wakae na dada zake. Kwa karatasi ya Fundi nimewatajia milioni 26. Mdogo mtu anasema 29. Nimewaambia nasubiri mahakama kwanza.

Swali langu la mwisho kwa Mama: ikitimia, wale wapangaji watatu niwaondoe nitengeneze yote kwa mara moja, au wabaki?

Mama_Wapangaji

Wabaki, tena huyo mama mkongwe mshike sana. Ukinunua unarithi na mikataba yao, kwa hiyo kwanza waulize wamelipa hadi mwezi gani na waonyeshe risiti au ujumbe wa simu, ili kodi waliyomlipa ndugu mapema ikatwe kwenye bei yako. Waandikie mikataba mipya kwa bei ile ile ya 30,000 mpaka chumba cha kila mmoja kitengenezwe.

Ukishaezeka, anza na vyumba vitatu vilivyofungwa. Vikikamilika, wahamishie wao humo, wachague kwanza, halafu ndipo uvitengeneze walivyotoka. Hakuna atakayelala nje na hakuna mwezi utakaokosa kodi. Chumba cha mbele kama kina mpangaji, mpe notisi ya kutosha na chumba kingine kabla hujatoboa ukuta wa fremu.

Umeme, nenda TANESCO ubadilishe jina. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa tangu Julai 2023. Kama ndani kuna mita mbili za TANESCO, angalia isije ikakatwa mara mbili. Ikitokea, peleka namba za mita zote TRA wabakize moja. Wasalimie ndugu wote wanne.